Brije ya bawa moja: namna ya kugundisha jino la mbele la seramiki likae miaka

Jambo wadogo zangu mnaofanya meno hapa Lubumbashi na kwingine. Kabine zetu zote zinapokea vijana wenye pengo mbele, mmoja aksida ya moto, mwingine mpira, mwingine lile jino la pili toka katikati halikuota kabisa, na mzazi anauliza: dokta, hii itakaa miaka ngapi? Mimi namjibu bila woga kama itakuwa brije (jino la bandia linaloshikwa na jino la jirani) ya zirkonia, seramiki nyeupe ngumu sana, ya kugundisha, bawa moja, yaani kipande chembamba kimoja kinachogundishwa nyuma ya jino la jirani, na imefanywa vizuri. Basi tuone kufanya vizuri ni kufanya nini.

Hatua ya 1: chagua mgonjwa

Mtoto wa miaka 14 usimuwekee impla, ule mzizi wa bandia unaoingizwa ndani ya mfupa. Impla inashikana na mfupa na haifuati taya linapokua, kisha miaka kadhaa jino linaonekana limezama juu huku majirani yake wameshuka. Brije ya kugundisha inamfaa huyu, na mtu mzima pia, bora jino la kushikilia liwe zima, lisilotikisika, na emai (ganda gumu la nje la jino) ya kutosha kwa nyuma. Kama amesaga meno usiku mpaka yameisha, ama meno ya chini yanagonga mpaka kwenye ufizi wa juu na hakuna nafasi, mwambie ukweli mbele ya kuchukua pesa yake.

Hatua ya 2: bawa moja, hapana mawili

Hapa njo watu wengi wanakataa. Tumefundishwa brije inashika huku na huku, na zile za zamani za chuma, toka ya Rochette ya 1973 mpaka zile za Maryland za miaka ya 1980, zilikuwa na mabawa mawili. Lakini meno mawili hayatembei pamoja, ukiuma kila moja linasukumwa upande wake, alafu kole (gundi) ya upande mmoja inaachia ama seramiki inavunjika pale kwenye kiungo cha bawa na jino la bandia. Kama ni kole imeachia upande mmoja mgonjwa hajui, juu bawa lingine bado linashika, mate na chakula vinaingia chini, na akikuja jino limeshaoza.

Timu ya Matthias Kern kule Kiel, Ujerumani, waliona kwamba zile za seramiki zilizovunjika upande mmoja ziliendelea kukaa vizuri na bawa moja, wakaanza kuzitengeneza hivyo makusudi. Matokeo yao ya 2011, na seramiki ya alumina ya zamani: kwa miaka 10 za mabawa mawili zilibaki asilimia 73.9, za bawa moja asilimia 94.4. Mwaka 2017 wakatoa za zirkonia, brije 108 za bawa moja, asilimia 98.2 kwa miaka 10. Kadhaa zilibanduka humo katikati, zikagundishwa tena na zikaendelea na kazi. Na bawa moja likiachia mgonjwa anajua palepale maana jino liko mkononi mwake, hakuna kuoza kwa kujificha.

Meno mawili yakikosekana, kushoto na kulia, tengeneza brije mbili tofauti, kila moja na jino lake la kushika, la katikati ama chonge.

Hatua ya 3: kuandaa jino

Kidogo sana, na usitoke kwenye emai. Nyuma ya jino unasawazisha tu, unachimba kashimo kadogo pale kwenye kinundu cha nyuma ya jino, karibu na ufizi, na kasanduku kafupi upande wa pengo, ili brije ipate mahali pake pa kukaa wakati wa kugundisha. Ukiona dentini, ile sehemu ya njano chini ya emai, umepita, kole inashika emai vizuri kuliko dentini.

Hatua ya 4: labo

Andika kwenye fishi ya labo (wale wanaotengeneza brije), usiseme kwa simu tu: bawa unene 0.7 mm angalau, kiungo urefu 3 mm na upana 2 mm. Labo wanapenda kupunguza kiungo ili jino lionekane zuri, usikubali.

Hatua ya 5: siku ya kugundisha

Weka saa nzima na usipange mgonjwa mwingine juu yake. Jaribisha brije mdomoni kwanza, rangi, ufizi, mgonjwa ajiangalie kwenye kioo akubali. Ikishaguswa na mate imechafuka, kwa hiyo ndani ya bawa unapiga mchanga wa alumina wa mikroni 50 *baada* ya kujaribisha, presha ya chini, bari 1 mpaka 2.5, alafu unasafisha na alkoli. Usisafishe zirkonia na asidi ya fosforiki! Inaacha fosfati inayokalia mahali pa kole. Asidi ile ni ya emai, sekunde 30, suuza, kausha mpaka iwe nyeupe kama chaki. Kole iwe ya rezini yenye MDP (kemikali inayoshikana na zirkonia), kama ile ya jina Panavia, ama upake kwanza praima, dawa ya kutangulia kole, yenye MDP.

Dige ya mpira, kale kakitambaa ka mpira kanakotenga jino na mate, ni lazima. Najua inachelewesha na wagonjwa hawaipendi, lakini pumzi peke yake inaleta unyevu wa kutosha kuharibu kila kitu ulichofanya.

Mambo ya kwetu sasa: hakikisha kompresa ina hewa na grupu (jenereta) ina mafuta mbele ya kuanza, SNEL, kampuni ya umeme ya Kongo, inaweza kukata katikati ya kupiga mchanga. Na kole usiiache kwenye kabati mwezi wa 10 na joto lile, soma kwenye kiboksi digrii ngapi.

Hatua ya 6: kuuma

Karatasi ya rangi, mgonjwa aume, apeleke taya mbele na pembeni. Jino la bandia lisibebe kitu akitembeza taya, ondoa mpaka alama ipotee, kisha polisha.

Hatua ya 7: maneno ya kumwambia

Asifungue chupa na meno, muwa atafunie nyuma, uzi wa meno apitishe chini ya jino kila siku. Ikibanduka asitupe na asigundishe na supaglu ya sokoni, aweke kwenye kiboksi safi aje nayo. Wewe unaangalia kwanza kwa nini imeachia (mara nyingi ni unyevu ama kugonga), unatoa kole ya zamani kwenye emai pole pole, unapiga mchanga tena ndani ya bawa na kurudia hatua ya 5 yote, pamoja na dige.