Jinsi ya kujikagua kama uko kwenye hatari ya presha ya mapafu

Kwanza tuelewane, hii sio ile presha ya kufungwa mkanda mkononi. Ni presha kwenye mishipa inayotoa damu kwa moyo kwenda mapafuni, so mashine inaweza ikasoma 120/80 safi kabisa na bado ukawa nayo, na kuna watu wanatibiwa pumu muda mrefu tu kumbe shida ni hii. Kabla hujaenda kwa daktari kaa chini upekue historia yako.

Kama umekulia kando ya Ziwa Victoria, Ukerewe, Homa Bay na kwingineko, anza na kichocho. Sio kile cha kukojoa damu, nasema kile cha tumbo, unakipata ukioga au ukivua ziwani, mayai yanakwama kwenye ini, ini linakakamaa, damu ikikosa pa kupita inatafuta njia za pembeni na kwa njia hizo mayai yanafika mpaka mapafuni. Inachukua miaka, mtu kashahamia Dar kitambo na ziwa kashalisahau. We litaje tu, hata kama shuleni mlimezeshwa dawa.

Sikoseli taja, HIV nayo taja hata kama dawa unameza vizuri. Valvu za moyo (vile vimlango vya kupitisha damu) zilizoharibika, hasa kama utotoni ulikuwa unaumwa koo halafu viungo vinavimba, au tundu la moyo la kuzaliwa nalo. TB ya zamani iliyoacha makovu, sigara. Halafu moshi wa kuni jamani, mama kapika miaka yote kwenye jiko lisilo na dirisha, akiulizwa unavuta sigara anasema hapana na maswali yanaishia hapo!

Kingine, je uliwahi kuvimba mguu mmoja ukauma baada ya kujifungua au operesheni, halafu pumzi ikabana ghafla? Donge la damu likitoka mguuni likafika mapafuni lisipoyeyuka lote linaziba mishipa ya mapafu, na hili usilifiche kabisa maana aina hii wengine hupona kwa upasuaji. Vidonge vya kupunguza mwili navyo sio vya kuamini hovyo, kimojawapo, fenfluramine, kiliondolewa sokoni Marekani 1997 kwa sababu ya kuharibu valvu, na presha hii pia inahusishwa nacho.

Ukiwa na mojawapo ya hayo na ukipanda ngazi unahema kuliko zamani, miguu inavimba au unazimia, omba upimwe echo, yaani ultrasound ya moyo. Ikionyesha dalili, wanathibitisha kwa kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa hadi moyoni. Na dada, kama unapanga mimba, pima kabla, kwa sababu ujauzito na ugonjwa huu ni hatari kwelikweli.