Kuilinda Miguu ya Farasi Mwenye Manyoya Marefu Msimu wa Tope

Mwenzangu mmoja wa Jinja, Uganda, alinunua farasi chotara aliyerithi manyoya marefu ya miguu kutoka kwa mababu zake wa Uingereza, yale yanayoanza chini ya goti na kuufunika ukwato kama sketi. Mvua za Machi zilipoanza aliniita, kwa sababu farasi alikuwa akipigapiga miguu chini usiku kucha na banda lilikuwa limeanza kunuka. Nilikaa naye siku nne. Nimeandika hapa tuliyoyafanya, pamoja na makosa yangu ya miaka ya nyuma ambayo sikutaka ayarudie.

Farasi wenye manyoya ya namna hii, kama vile Shire na Clydesdale, asili yao ni nchi ambazo tope baya huja wakati wa baridi. Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria tope huja mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, na huja pamoja na joto. Kwa hiyo ushauri wa Ulaya wa kuvumilia mpaka baridi ipite hautufai.

Hatua ya kwanza: tengeneza mahali anaposimama

Tope halienei uwanja mzima. Hujikusanya langoni, penye birika la maji na pale anapowekewa majani, basi mwaga changarawe sehemu hizo tatu na uchimbe mtaro. Ndani ya banda tandika maranda makubwa ya seremala. Maganda ya kahawa ni rahisi kupatikana, lakini mimi siyataki: vumbi lake hugandamana kwenye manyoya yenye unyevu, tena yana kafeini, na farasi hula matandiko yake.

Hatua ya pili: tazama kwa vidole

Kila siku pasua manyoya na upitishe vidole nyuma ya mguu, kwenye lile bonde lililo juu ya ukwato. Macho hayatakusaidia, kwa kuwa manyoya huficha kila kitu hadi ugonjwa ukomae. Ukigusa vitu vigumu mithili ya punje za mchele zilizoganda kwenye ngozi, hivyo ni vigaga. Kigaga cha bakteria aitwaye Dermatophilus congolensis hung'oka pamoja na kitita cha manyoya, kikafanana na brashi ndogo ya rangi, na chini yake ngozi huwa nyekundu au yenye usaha. Bakteria huyo alielezwa mara ya kwanza mwaka 1915 huko Kongo, jirani zetu, ndiyo maana jina lake likawa hivyo, na wafugaji wa ng'ombe wanamfahamu vizuri. Binadamu pia humpata, kwa hiyo vaa glovu.

Hatua ya tatu: osha mara chache, kausha kabisa

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko kwingine kote. Farasi wa kwanza mwenye manyoya niliyekabidhiwa nilimwosha kila siku saa kumi na moja jioni, kwa ndoo na sabuni, kisha nikamfunga bandani akiwa anang'aa. Kila aliyepita alinisifu. Baada ya wiki tatu ngozi ilikuwa imepasuka miguu yote minne, nami nikaongeza sabuni. Sikujua kwamba manyoya yale, ingawa juu yalionekana makavu, yalikuwa yakihifadhi maji chini mpaka alfajiri. Bakteria niliyemtaja hulala ndani ya vigaga vikavu, na vikilowa huachilia vijimbegu vinavyoogelea hadi penye mchubuko wa karibu. Kwa hiyo kila jioni nilikuwa nikiviamsha kwa mikono yangu mwenyewe.

Siku hizi tope la kawaida naliacha likauke, kisha nalitoa kwa brashi ngumu, nikianzia juu kushuka chini. Maji nayatumia pale tu ngozi inapohitaji dawa, na huwa naanza saa nne asubuhi ili jua lisaidie. Lowesha mguu, paka klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, iliyochanganywa na maji kama lebo inavyoelekeza, iache kwa dakika kumi hivi, kisha suuza hadi maji yatoke bila povu, kwa maana dawa inayobaki huwasha kama tope lenyewe. Vigaga vilivyolainika vitatoka vyenyewe. Vinavyoshikilia viache hadi siku nyingine, kwani kuvibandua kwa nguvu humuumiza farasi na kufungua jeraha jipya.

Kisha kausha. Tenga mataulo manne, kila mguu na lake, ili usihamishe ugonjwa. Taulo ligandamize, usisugue. Mwache farasi asimame juani kwenye sakafu kavu kwa nusu saa, halafu rudia kwa mataulo mengine. Mashine ya kukaushia nywele ni nzuri ikiwa farasi ameizoea na umeme upo, mambo mawili ambayo mimi sikuwahi kuyapata siku moja. Ukidhani umemaliza, chukua kipande cha karatasi ya chooni, kisukume katikati ya manyoya hadi kiguse ngozi, hesabu hadi ishirini, kisha kitoe. Kikiwa na unyevu wowote, hujamaliza. Usifunge bandeji wala usipake mafuta mpaka karatasi itoke kavu.

Kuhusu mafuta, Waingereza wengi hupaka yale wanayoyaita mafuta ya nguruwe, yaliyochanganywa na salfa. Saisi wa mwenzangu, ambaye ni Mwislamu, alikataa kuyagusa mpaka nilipomweleza kwamba jina ni la zamani na kwamba yanayouzwa sasa kwa kawaida ni mafuta ya madini. Salfa huwasha baadhi ya farasi, hivyo jaribu kwanza sehemu ndogo na usubiri siku nzima. Mimi napendelea mafuta ya moyao, yaani shea, yanayotoka kaskazini, yapakwe kidogo sana juu ya ngozi kavu isiyo na vidonda, kabla farasi hajatoka kwenda topeni. Juu ya vigaga, mafuta ya aina yoyote hufungia unyevu ndani.

Ngozi ikishaharibika, nyoa manyoya. Wenye farasi hulia kuliko farasi wenyewe, lakini yataota tena.

Hatua ya nne: utitiri, na dawa ya kuogopa

Farasi akipiga miguu chini usiku, akijiuma au kujisugua miguu ukutani, shuku utitiri aina ya Chorioptes bovis, ambao hupenda sana manyoya haya. Dawa ya bakteria haiugusi. Daktari wa mifugo akwangue ngozi, atazame kwa hadubini, kisha achague dawa. Tiba hurudiwa baada ya wiki mbili hivi kwa sababu mayai hubaki. Tibu farasi wote wa banda kwa pamoja, toa matandiko yote, na usitumie brashi za ng'ombe, kwani hata ng'ombe hubeba utitiri huo.

Nilipofika Jinja nilikuta bomba la kunyunyizia likiwa tayari limejazwa dawa ya kupe ya ng'ombe. Soma lebo kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa ina amitrazi, ambayo kwenye lebo huandikwa amitraz, usimnyunyizie farasi hata tone, kwa sababu huweza kusimamisha kazi ya utumbo, akaziba tumbo na kufa. Ng'ombe huivumilia, na ndiyo maana kosa hili ni rahisi kwetu, ambako dawa hiyo imo katika stoo nyingi za wafugaji. Tuliimwaga shimoni, mbali na kisima.

Hatua ya tano: wakati wa kuacha kujitibia

Mguu ukivimba, farasi akichechemea au akipata homa, mwite daktari siku hiyohiyo. Ngozi ikinenepa na kujikunja mikunjo migumu, huenda ni ugonjwa wa mishipa ya limfu unaowapata farasi wazito wa aina hii. Hauponi, ila hupunguzwa makali kwa matunzo.

Farasi wa Jinja alikuwa na utitiri pamoja na vigaga. Siku ya nne karatasi ilitoka kavu miguu mitatu. Ule wa nyuma wa kushoto ilitubidi tuurudie baada ya chakula cha mchana.