SOMO: Bodi mpya ya kuteleza mawimbini (surfing), siku yake ya kwanza majini

Upepo wa kusi umeshika na ghuba ya Malindi imeanza kuvuma, kwa hiyo bodi mpya zitaanza kuonekana juu ya tuktuk. Somo hili ni la mwenye bodi ambayo bado haijalowa. Nachukulia unajua kuogelea hasa. Kama hujui, bodi ingoje.

Nazungumzia Malindi kwa sababu sehemu kubwa ya pwani yetu imekingwa na mwamba: wimbi linavunjikia huko nje na kutufikia limechoka. Kwenye ghuba ya Malindi mwamba umeacha nafasi, wimbi linakuja mpaka kwenye mchanga. Ila usielekee kwenye mlango wa Mto Sabaki. Maji ni ya tope na viboko wapo.

1. Nyumbani: mapezi na kamba

Bodi nyingi zina mapezi matatu chini yake, upande wa nyuma, mtindo ulioenezwa na Mwaustralia Simon Anderson mwaka 1981. Yale mawili ya pembeni yana upande bapa, nao hutazama ndani. La katikati limebinuka pande zote mbili. Kaza kwa alenki mpaka pezi litulie, kisha acha; ukizidisha nguvu unapasua kisanduku chake.

Kamba ya mguu, ile inayokufunga na bodi, iwe na urefu unaokaribiana na wa bodi. Ile sehemu pana ya kitambaa ndiyo ipite juu ya ukingo wa bodi, si kile kiuzi chembamba. Uzi ukivutwa na wimbi hukata bodi kama waya unavyokata sabuni.

2. Nta

Nta huzuia kuteleza. Paka upande wa juu tu, kwa viduara vidogo, mpaka vijipele vitokee. Nunua nta ya maji ya joto. Ile ya maji baridi itayeyuka kabla hujafika ufukweni. Bodi usiiache juani wala kwenye gari lililofungwa, maana joto hutenganisha ganda na povu la ndani.

3. Mchangani

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na hapa ndipo siku inapoharibika. Chimba vishimo vya mapezi ili yasivunjike, laza bodi, lala juu yake kifudifudi. Sukuma mwili juu kwa mikono iliyo chini ya mbavu, lete miguu yote miwili kwa mkupuo mmoja, magoti yakiwa yamekunjwa. Usipitie magotini, ukizoea goti utakaa nalo mwaka mzima. Rudia mpaka utokwe jasho.

Hujui mguu upi unakaa nyuma? Vaa soksi, teleza kwenye sakafu ya marumaru. Unaotangulia wenyewe ni wa mbele. Kamba inafungwa kwenye ule wa nyuma.

4. Kuchagua maji

Epuka siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi, na mkondo unakuwa mkali. Siku za maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, ni rafiki kwa mgeni. Nenda alfajiri kabla upepo haujachachamaa, maji yakiwa yanajaa. Wavuvi wakiwapo wasalimie, uwaulize mkondo unavutia wapi leo. Jibu lao ni bora kuliko programu yoyote ya simu.

5. Povuni

Ingia mpaka kiunoni, basi. Shika bodi ubavuni kwako, omo (pua ya bodi) ikitazama wimbi. Usiiweke kati yako na wimbi, itakupiga kifuani.

Kazi ya leo ni kutafuta mahali pako pa kulala juu ya bodi hii. Ukilala mbele mno, omo inazama na unapinduka. Ukirudi nyuma mno, tezi (mkia wa bodi) inadidimia na bodi inakuwa nzito. Panapofaa, omo huinuka vidole viwili hivi juu ya maji. Ukipata mahali hapo, weka alama kwenye nta usawa wa kidevu.

Sasa geukia ufukweni, ngoja povu la wimbi lililokwisha kuvunjika, piga kafi kwa mikono, likubebe ukiwa umelala. Fanya hivyo mara nyingi kabla ya kusimama. Ukianguka, anguka bapa, na uibuke mikono ikiwa imefunika kichwa, kwa kuwa bodi iko mahali fulani juu yako.

Mkondo ukikuvuta nje, usishindane nao na usiiache bodi. Piga kafi sambamba na ufuko mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, nina kilo 85, nimeuziwa bodi ya futi 6 aliyoiacha mtalii. Itanifaa?*
Baadaye, kaka. Lita za bodi, yaani ujazo wake, mara nyingi huandikwa chini yake. Anayeanza atafute lita zinazofikia au kuzidi kilo zake. Futi 8 na kuendelea, ya sponji. Hiyo itunze.

*Naweza kuingia na dera?*
Hapana dada, litajaa maji na kunaswa na kamba. Suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu inayobana zinasitiri, na tumbo halichubuki kwa nta.

*Mshumaa haufai badala ya nta?*
Mtupu ni mgumu na unateleza. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta kidogo ya nazi inashika vizuri zaidi.

*Bodi imefika na ufa kutoka safarini. Fundi wa boti za faiba anaweza kuiziba?*
Anaweza, lakini mwulize anatumia gundi gani. Bodi nyepesi sana yenye punje ndani, kama kasha la samaki, italiwa na polyesta mpaka ibaki tundu. Hiyo inataka epoksi. Epoksi inakubali bodi hiyo na zile za povu la kawaida pia, kwa hiyo ukiwa na shaka, itake hiyo. Kabla ya kuziba, isimamishe kivulini ufa ukitazama chini mpaka maji yaishe, hata ikichukua wiki.