Somo: Kutambua utando wa meno kwa mtoto anayeletwa kliniki

Ndugu wanachama, jino lenye mate hudanganya. Utando, yaani tabaka laini la vijidudu linalojishika kwenye jino, una rangi inayokaribia ya jino lenyewe, hivyo mhudumu wa zahanati anayemulika tochi na kupita haraka huandika "safi" mahali ambapo tabibu wa meno angekuta uchafu kando ya fizi. Mimi nimeandika "safi" za namna hiyo kwa muda mrefu, hapahapa Mtwara.

Kwanza, kaa mkabala na mama, magoti yenu yagusane, kisha mlaze mtoto kichwa kikiwa mapajani mwako. Atalia, mwache, kwani kinywa kinacholia kimeshafunguka.

Pili, nyanyua mdomo wa juu uyaone meno manne ya mbele. Ya chini huoshwa na mate na kukingwa na ulimi, kwa hiyo usiyatumie kuamua kama mtoto ana utando au hana.

Tatu, na hapa ndipo wengi tunapokosea, kausha kwa gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kwa kugusagusa bila kusugua, maana ukisugua utaondoa kilekile unachokitafuta. Tazama ukingo wa fizi, ndipo upitishe taratibu ubavu wa kijiti cha kuchokolea meno. Kikitoka na kitu laini kama uji uliopoa, huo ni utando. Katika kipimo cha utando cha watafiti Silness na Löe cha mwaka 1964, utando unaogunduliwa kwa kifaa tu hupewa alama 1, na ule unaoonekana kwa macho hupewa 2 au zaidi. Anayetegemea tochi peke yake hupitwa na alama 1.

Nne, mwombe tabibu wa meno awapime watoto walewale siku ileile bila kuona ulichoandika. Kati ya aliowakuta na utando, uliwaona wangapi? Kati ya aliowakuta safi, wangapi uliwaita safi? Usijumlishe majibu hayo, kwani penye watoto wengi wenye utando, hata anayeandika "upo" kwa kila mtoto ataonekana hodari.

MASWALI

Muuguzi, Nanyamba: Shikamoo mwalimu. Kijiti kikishauondoa utando, tabibu atakuta nini?

Jibu: Marahaba. Umenikosoa vyema. Siku ya kujipima, ishia kwenye jicho baada ya kukausha. Kijiti aachiwe tabibu, naye awe wa mwisho.

Mhudumu, Ruangwa: Na madoa meusi kwa mtoto anayetumia dawa ya maji ya kuongeza damu?

Jibu: Hiyo ni rangi ya madini ya chuma, haitoki kwa kijiti. Doa jeupe lisilong'aa kando ya fizi ndilo la kumpeleka kwa tabibu wa meno, kwani jino limeanza kuoza.

Tabibu, Mikindani: Foleni ni ndefu. Nianze na nani?

Jibu: Anza na wanaokuja kwa chanjo ya pili ya surua-rubela, miezi 18. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 1994 ulionesha kwamba utando ulioonekana kwenye meno ya mbele ya juu katika miezi 19 ulitabiri vizuri nani angekuwa na meno yaliyooza akifika miezi 36.