Una PPL (leseni ya rubani binafsi)? Uliza saa inaanza kuhesabiwa lini

Ukitoka PPL kwenda CPL (leseni ya rubani wa biashara), usidanganyike na bei ya saa moja ya kuruka iliyobandikwa ukutani. Uliza inahesabiwaje: tangu injini iwake, au tangu ndege ipae? Pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, foleni ya kuruka asubuhi inaweza kukula hela ukiwa bado ardhini. Mafuta, mwalimu na ada za kutua vimo?

Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinataka saa 200 za kuruka kama husomi kwenye kozi maalumu iliyoidhinishwa, 100 kati yake wewe ukiwa rubani mwenye dhamana. Hizo zijaze kwa ndege ndogo ya Cessna 152 badala ya 172. Inabana magoti, ila mafuta inakunywa kidogo. Na lipa kidogo kidogo, hata ukiahidiwa punguzo. Shule za urubani hufungwa ghafla.