Mtoto Mwenye Mzio wa Baridi: Kuoga, Shule, Maji na Dawa

Ngozi ikipigwa na baridi, kisha baada ya dakika chache yakatoka mabaka yaliyovimba na kuwasha, mara nyingi hiyo ni urtikaria ya baridi, yaani mzio wa baridi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane. Pitisha kiganja taratibu na utahisi vinundu na joto. Mabaka mengi hutokea pale ngozi inapoanza kupata joto tena, ndiyo maana wazazi huishia kulaumu sabuni, blanketi au sweta alilovaa mtoto baada ya kuoga, kumbe chanzo ni maji. Kwa kawaida hupotea yenyewe ndani ya saa moja au mbili bila kuacha alama.

Kinachotokea ni kwamba baridi huchokoza seli za kinga zilizo ndani ya ngozi, nazo zikamwaga kemikali iitwayo histamini. Histamini hutanua mishipa midogo, majimaji yanavuja, ngozi inavimba. Kiganja kilichoshika chupa ya baridi kitavimba basi. Lakini mwili mzima ukipoa kwa mara moja, histamini humwagika kwa wingi, presha ikashuka na mtoto akazirai. Kwa hiyo usipime hatari kwa ukali wa baridi peke yake. Angalia pia ni sehemu kubwa kiasi gani ya ngozi inayopoa, na kwa muda gani.

Kuhakikisha ni mzio huo

Daktari huweka kipande cha barafu ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki juu ya mkono wa mtoto kwa dakika 5, akakiondoa na kusubiri dakika 10 hivi. Uvimbe ukitokea pale pale palipokaa barafu, jibu limepatikana. Usijaribu nyumbani. Uliza mapema ni siku ngapi kabla ya kipimo dawa za mzio zinapaswa kusimamishwa, la sivyo zitaficha matokeo. Jibu likiwa hasi bado halifungi mjadala, kwani wapo wanaovimba kwa upepo au mwili mzima ukipoa tu. Na kama upele huanza saa kadhaa baada ya baridi, ukiambatana na homa, maumivu ya viungo na macho mekundu, hasa ikiwa kuna ndugu mwenye hali hiyo, mweleze daktari. Huo ni ugonjwa mwingine wenye tiba nyingine.

Kuoga na mavazi

Maji yawe vuguvugu. Mambo mengi hayaharibikii ndani ya maji bali baada ya hapo: mtoto anatoka amelowa, mlango uko wazi, feni inazunguka, na maji yanayokauka mwilini yanamnyang'anya joto haraka. Funga mlango na dirisha kabla hujamvua nguo, weka taulo karibu, mkaushe kwa kugandamiza (kusugua huongeza mwasho), mvishe humo humo bafuni. Jasho nalo lina tabia hiyo hiyo. Fulana ya pamba iliyolowa baada ya michezo humpoza kuliko hewa yenyewe, hivyo fulana kavu ya akiba isikose kwenye begi. Uso, masikio na mikono vifunikwe kukiwa na upepo. Kumpaka mafuta mazito kunasaidia ngozi kavu, ila hakuzuii mzio huu.

Vinywaji vya friji, barafu na aiskrimu vinaweza kuvimbisha midomo, ulimi, hata koo. Acha kinywaji kipoteze ubaridi kabisa kabla hajanywa. Wazo la kumzoesha kwa kumpa kidogo kidogo, au kumwogesha maji baridi ili mwili "ukomae", ni hatari na lisifanywe nyumbani.

Kuogelea

Hapa ndipo ajali mbaya zaidi hutokea, kwa sababu ngozi yote inapoa kwa pamoja na mtoto anaweza kuzirai akiwa majini. Mito, maziwa na bahari yenye maji baridi, hapana. Bwawa la maji ya uvuguvugu linawezekana daktari akiridhia, tena awepo mtu mzima ndani ya maji, umbali wa kumfikia kwa mkono. Mtoto asijirushe. Achovye mkono kwanza, autoe, msubiri dakika 10. Mkono ukibaki safi, aingie polepole; hicho si kibali cha kukaa saa nzima. Mwasho wa kwanza tu, atoke.

Dawa

Dawa za mzio zinazotumika zaidi ni setirizini na loratadini, kwa kuwa hazileti usingizi sana kama klorofeniramini, dawa ya mzio ya zamani. Setirizini kwa kawaida ni miligramu 2.5 mara mbili kwa siku kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, na miligramu 5 mara mbili kwa wa miaka 6 hadi 11. Soma nguvu ya dawa kwenye chupa, pima kwa bomba la kupimia, si kijiko cha chai. Daktari anaweza kuongeza dozi, pengine mpaka mara nne ya dozi ya kawaida. Mzazi asijiongezee. Krimu za steroidi hazisaidii mabaka haya.

Kupumua kwa mluzi, sauti kukwaruza, ulimi kuvimba, kutapika mfululizo, kulegea au kuzirai ni dharura. Mtoe kwenye baridi. Kama ameandikiwa sindano ya adrenalini, mchome mara moja upande wa nje wa paja, hata juu ya nguo: kwa kawaida miligramu 0.15 kwa mtoto mwenye uzito wa kilo 15 hadi 30, na 0.3 akizidi hapo. Usisubiri dawa ya kunywa ifanye kazi. Mlaze, inua miguu, mkaushe na kumfunika. Akihema kwa shida, mkalishe. Asisimame wala kutembea. Ita gari la wagonjwa. Baada ya dakika 5 bila nafuu, dozi ya pili. Hospitali ni lazima hata akionekana mzima, maana hali inaweza kurudi. Sindano hizo hukaa kwenye joto la kawaida la chumba, si ndani ya friji.

Shuleni acha karatasi yenye dalili, dawa na namba za simu, na uandike kwa herufi kubwa jambo linalosahaulika: akianguka na kuvimba, asiwekewe barafu. Akihitaji upasuaji, daktari wa usingizi ajulishwe mapema ili dripu ipashwe moto na chumba kisiwe cha baridi.