Hewa Ikivuja Kifuani Bila Ajali: Chumba cha Dharura Kifanye Nini

Kijana mrefu, mwembamba, mvuta sigara au bangi, anaingia ameshika ubavu: maumivu yamemchoma ghafla akiwa amekaa tu, na pumzi haitoshi. Huenda hewa imevuja kutoka kwenye pafu na kukaa kati yake na ukuta wa kifua. Mchimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani mwenye mapafu ya vumbi au makovu ya kifua kikuu huja na dalili hizohizo, ila yeye hana akiba ya pumzi. Hewa kidogo tu ikivuja inamlaza.

Presha ikishuka, mishipa ya shingo ikivimba, upande mmoja ukawa kimya kwenye stetoskopu na ukigongwa unalia kama debe tupu, usisubiri eksirei. Mpe oksijeni, kisha chomeka kanyula (sindano yenye mrija laini wa plastiki) nene, ya geji 14, kati ya ubavu wa 5 na wa 6, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa. Pita juu ya ubavu wa 6, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu hupita chini ya kila ubavu. Kanyula hujikunja upesi na hewa ikarudi, kwa hiyo bomba la kifua, la kutolea hewa, lifuate papo hapo.

Aliyetulia apigwe eksirei akiwa wima. Akilala chali hewa hukusanyika mbele, na picha hudanganya.

Mtego mkubwa huku kwetu ni kifuko cha hewa ndani ya pafu lililoliwa na kifua kikuu: kwenye picha hufanana na hewa iliyovuja. Ukingo wake umebonyea kama bakuli, ilhali ukingo wa pafu lililosinyaa hubinuka kufuata ukuta wa kifua. Ultrasaundi nayo huponza: pafu lililoshikana na ukuta wa kifua kwa kovu halitelezi, hata kama hakuna hewa iliyovuja. Ukitoboa kifuko hicho umefungua tundu gumu kuziba. Ukiwa na shaka, akapigwe kwanza CT (picha ya vipande vya mwili) KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi.

Kijana asiyepumua kwa shida anaweza kuachwa bila kuchomwa, hata picha ikionyesha hewa nyingi, mradi arudi kuangaliwa. Anayepumua kwa shida mvute hewa: dawa ya ganzi, lignokaini ya asilimia 1, isizidi mg 3 kwa kilo (ml 15 kwa mtu wa kilo 50), kanyula ya geji 16, bomba la sindano la ml 50 na koki ya njia tatu. Acha akikohoa sana, au ukifikisha lita 2.5: hapo tundu la pafu bado liko wazi, weka bomba. Mwenye pafu bovu kwa kawaida huwekewa bomba na kulazwa.

Bomba hutolea hewa kwenye chupa yenye maji; mrija wa chupa hiyo uzame sm 2 majini. Ukizidi, hewa hutoka kwa taabu. Chupa ibaki chini ya kifua, hata ndani ya ambulansi. Bomba linalotoa mapovu lisibanwe kamwe: hewa itajaa na kubana moyo. Maji yasipocheza na pumzi, tafuta kwanza mahali bomba lilipojikunja.

Mpagazi asirudi mlimani hewa ikiwa bado kifuani, maana huko juu hutanuka. Safari ya ndege kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, isubiri siku 7 baada ya eksirei kuonyesha pafu limejaa.